Ndala Kifudifudi

Urambo, ndani ya droo ya cherehani
11 Februari 2024

Bibi yangu Ngollo,

Shikamoo.

Mimi ni mzima. Naanza na hilo maana najua umeshanililia, ukanikasirikia, na sasa umerudi kulia. Niko Urambo, nyumbani kwa fundi Demetria, yule mama mwembamba anayekuja kila mwezi dukani kwa Mama Kherunisa kununua vitambaa. Ndiye mwenye kapu la ukindu. Nililala ndani ya jora la kitambaa cha sare. Ulinikataza kulala ndani ya majora tangu sijaota meno, na sikusikia. Nilipoamka kila kitu kilikuwa kinatikisika, na mbele huko nikasikia honi ya treni. Nikajua nimeshabebwa.

Wapagazi wangu wapya ni watatu. Kuna Demetria mwenyewe. Kuna mumewe, Dismasi Minani, mkulima wa tumbaku, mikono yake inanuka tumbaku hata akishika ugali. Na kuna binti yao Stela, yuko darasa la tatu, anaongea peke yake akidhani hakuna anayemsikia. Wazazi wa Dismasi walitoka Burundi zamani, basi wakubwa wakiwa wenyewe wanaongea Kirundi, ila mtoto wanamgombeza kwa Kiswahili. Ni watu wema. Hawana paka.

Kuhusu chakula usihofu. Nachukua kama ulivyonifundisha, nusu karanga hapa, kipande cha uzi pale, na kifungo kimoja cha shati nimekifanya sahani. Kila nikichukua napindua ndala, ili wenye nyumba wajue aliyepita ni mtani na si mwizi. Napindua ya Stela, moja tu, kwa kuiinua na penseli. Ndala mbili ni kazi ya watu wawili, na mwenzangu uko huko Tabora.

Jambo moja limenichanganya. Mama Kherunisa akikuta ndala zake zimelala kifudifudi anacheka, anasema "watani wamepita," na anatuachia karanga za kwenye kitafunwa chake cha chauro. Huku Demetria alipoiona ile ya Stela hakucheka. Alifanya ishara ya msalaba. Nadhani ndivyo wanavyocheka huku.

Kesho anakuja mjini. Barua naificha kwenye msuko wa kapu. Najua bado unapekua kila kapu linalowekwa chini ya meza ya duka.

Mjukuu wako,
Mhoja


Tabora, ukutani nyuma ya rafu ya nyuzi
12 Februari 2024

Mke mwenzangu Mhoja,

Marahaba. Mimi na wewe mume wetu ni mmoja, marehemu babu yako, kwa hiyo nitakwambia ukweli kama mke mkubwa anavyomwambia mke mdogo. Huna akili.

Shangazi zako walitaka tuweke matanga. Nikawauliza matanga ya nani, mtoto kalala mahali. Nikawa napekua makapu ya watu kama mwehu, na leo nimeipata barua yako nikakaa chini pale pale kwenye vumbi. Mwandiko wangu usiucheke. Demetria yuko hapa dukani anakunywa chai na kuchagua zipu, akimaliza anabeba kapu lake, na barua hii lazima iwemo.

Sasa sikiliza. Acha kupindua ndala, leo hii. Utani haujioteshi kama magugu. Kwa nini Mnyamwezi akienda msibani kwa Mzaramo anaweza kunyakua sufuria ya wali na hakuna wa kumgusa? Kwa sababu babu zao walitembea njia moja. Na sisi Watu wa Mzigoni tuliitembea njia hiyo hiyo, kutoka pwani mpaka Unyanyembe, kutoka Unyanyembe mpaka Ujiji, wapagazi wamebeba mzigo na sisi tumo ndani ya mzigo. Tulichukua punje kwenye chakula chao. Mpagazi alipoanguka kwa homa na msafara ukamwacha kando ya njia, sisi tulishuka tukabaki naye, tukamwongelesha mpaka apone au mpaka afe. Hapo tu ndipo mtu wetu anaruhusiwa kuonekana. Unayekula chake, akianguka unabaki naye. Huo ndio utani wetu. Ndala ni mapambo.

Hao wa Urambo hawazijui habari hizi. Kwa watu wengi kiatu kilichopinduka ni mkosi. Ule msalaba haukuwa kicheko, mke mwenzangu.

Mwezi ujao Demetria akianza kupanga kapu, ingia uje nyumbani. Mpaka hapo kula makombo yaliyodondoka tu. Na jipake mafuta magotini, najua hujipaki.

Mke mwenzako mwenye hasira,
Ngollo

Kuna jingine. Moiz, yule mtoto wa Mama Kherunisa anayeishi Dar, amekuja na fundi ujenzi, wanapima kuta kwa futi. Silipendi.


Urambo
10 Machi 2024

Bibi,

Shikamoo. Siji na kapu hili. Kaa chini kwanza ndiyo usome.

Barua yako ilinifikia jioni, na asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimeshapindua ndala. Asubuhi hiyo hiyo, Demetria ameshaondoka kuja kwenu, kuku wao alipanda kutagia juu ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, na Stela akapanda kufuata mayai. Mti aliokanyaga ulikuwa umeoza. Akaanguka, akavunjika mguu wa kulia. Hospitali wamemfunga plasta kuanzia pajani.

Walipomrudisha, Demetria aliishika ile ndala akasema, "Niliiona asubuhi. Niliiona nikanyamaza." Alisema hivyo mbele ya mtoto, Bibi. Kisha akamwita katekista, akaja kunyunyiza maji ya baraka nyumba nzima. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati, nikalowa chapachapa.

Tangu hapo Stela haongei peke yake tena. Analala ameuelekea ukuta. Juzi alimuuliza mama yake, "Hicho kitu bado kimo humu ndani?" Demetria akamwambia alale. Hicho kitu ni mimi.

Sasa ni msimu wa kuvuna tumbaku. Baba na mama wanakwenda shamba asubuhi, wanamwachia uji kwenye chupa ya chai, jirani anapita mara moja kumchungulia. Mchana kutwa yuko peke yake, nami nimo kwenye droo namsikiliza anavyopumua. Nimekula karanga zake, na ameanguka. Maneno haya si yangu, ni yako.

Sijajionyesha. Nakaa naye tu bila yeye kujua. Akidondosha penseli, nasubiri asinzie, halafu naisogeza mpaka mkono wake utakapoifikia. Ni kidogo sana, najua.

Mjukuu wako,
Mhoja


Tabora
11 Machi 2024

Mhoja,

Leo sikuiti mke mwenzangu.

Nyumba imeuzwa. Duka linafungwa baada ya Idi, Moiz anamchukua mama yake Dar, na mnunuzi atabomoa kuta zote. Ukoo unahamia stesheni, kwenye dari ya stoo moja ya zamani. Kapu la mwezi wa nne ndilo la mwisho. Usipokuwemo, hutajua tuliko wala sisi hatutajua uliko, na ukiandika barua haitakuwa na wa kuipokea.

Unanirudishia maneno yangu mwenyewe. Vizuri, nami nakujibu. Sheria ile ni ya watani, na Stela si mtani wako. Ulichukua karanga zake bila yeye kukubali utani, basi wewe ni mwizi mdogo tu, na mwizi hana wajibu wa kuuguza. Ndivyo sheria inavyosema, na mkubwa wa ukoo ni mimi.

Mtoto atapona. Mifupa ya watoto inaunga upesi. Ana mama, ana baba, ana katekista, ana hospitali. Mimi nina mjukuu mmoja. Njoo.

Ngollo

Mwandiko umelala upande kwa sababu naandikia juu ya mto. Usiniulize mto wa nani.


Urambo
14 Aprili 2024

Bibi,

Shikamoo. Idi imepita, kwa hiyo najua hili ndilo kapu la mwisho.

Plasta imetolewa. Daktari amesema mfupa umeunga vizuri, aanze kukanyaga. Hakanyagi. Demetria amembembeleza, Dismasi amemwahidi baiskeli, wapi. Anasema akiuweka mguu chini kile kitu kitamwangusha tena. Jana Dismasi alimshika makwapani akamsimamisha, mtoto akapiga kelele mpaka majirani wakajaa mlangoni. Dismasi akamrudisha kitandani, akatoka nje akakaa juu ya kinu akilia. Daktari alishawaonya kwamba asipoanza kukanyaga sasa mguu utakonda, na atachechemea maisha yake yote.

Dawa ya hilo hospitali hawana. Anayeweza kumwambia kwamba hicho kitu si kibaya ni hicho kitu chenyewe.

Kapu liko mlangoni. Nimeingia, nikatoka, nikaingia tena. Lina harufu ya duka, ya iliki na vitambaa vipya, harufu yako. Nimelia humo ndani kidogo, halafu nikatoka.

Nitajionyesha Demetria akiwa njiani kuja kwenu. Kama sheria inasema mimi ni mwizi, basi niwe mwizi aliyebaki na mtu aliyemwibia. Nakupenda kuliko kitu chochote, Bibi, na siji. Nisamehe kama unaweza.

Mhoja

Ule mto ni wa nani?


Tabora
15 Aprili 2024

Mke mwenzangu,

Sasa kaa chini wewe.

Ukoo ulishaondoka, tangu kabla ya Ramadhani. Nilikudanganya. Mama Kherunisa alianguka mwanzoni mwa mwezi wa tatu, hapa hapa dukani, kati ya meza na rafu ya nyuzi. Kiharusi. Upande wake wa kulia umelala. Shangazi zako walikuwa wameshafunga mizigo, wakaniambia, mama, twende. Nikawaambia tangulieni, nimesahau shuka. Wananijua. Walinishika miguu, wakaenda.

Nimekula kwake tangu nina meno yote. Ningekwenda wapi? Kwa hiyo ile barua ya kukukaripia niliiandikia juu ya mto wake, nimeegemea sikio lake, yeye akiwa usingizini. Niliogopa. Nilitaka usifanye wewe ninachokifanya mimi. Mabibi ndivyo tulivyo, tunapenda wajukuu wawe na akili kutuzidi.

Siku ya kwanza aliponiona alifumba macho, akadhani ni homa. Siku ya pili akaniuliza kwa mdomo wake ulioenda upande, "Nyinyi ndio mnaonipindulia ndala?" Nikasema ndio sisi, mama. Akacheka nusu, maana nusu ndiyo iliyobaki ya kuchekea. Akasema, "Nilikuwa najua siko peke yangu." Sasa tunapiga soga mchana kutwa. Yeye anaongea polepole, na mimi sina haraka. Leo Demetria alipokuja akamsimulia mambo ya mtoto na ndala, nilikuwa chini ya shela ya mgonjwa wangu nasikia yote. Akamwambia, "Demetria, kwangu zimepinduliwa miaka yote na sijawahi kupata mkosi. Ni watani wa nyumba hao. Ukiona ndala imepinduka, cheka." Demetria alimtazama kama anayeona ugonjwa umefika kichwani. Lakini amesikia.

Kuhusu Stela nisikilize vizuri. Usiende kumpigia magoti ukiomba radhi, utamtisha zaidi. Mtanie. Mtu hamwogopi anayemtania. Na ukimtania, mpe nafasi naye akutanie, utani wa upande mmoja ni uonevu.

Moiz anamchukua mama yake mwisho wa mwezi. Demetria ameahidi kuja tena kumuaga. Mimi nitabaki naye mpaka gari liondoke. Dar siendi, joto la kule litaniua, na stesheni ni mbali kwa magoti haya. Baada ya hapo Mungu anajua. Usinililie kabla ya wakati.

Ile sheria ya mwizi niliitunga mwenyewe. Haipo.

Mke mwenzako, anayejivunia wewe,
Ngollo


Urambo
27 Aprili 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mpaka imeanza kuchanika kwenye kunjo. Nimekukasirikia sana. Halafu nikacheka, maana tumedanganyana kama wake wenza kweli.

Nilijionyesha. Nilifika kando ya kitanda chake mchana na penseli yangu begani, na kabla sijasema neno nikaanza kuipindua ndala yake, pale pale mbele ya macho yake. Nilikuwa nimepanga niipindue kwa madaha. Penseli ikateleza, nikaanguka kwa makalio, na ndala ikanifunika. Nikawa nimo humo chini gizani, nanusa mguu wa mtoto, sijui nicheke au nilie. Halafu nikasikia sauti, ile ya kuongea peke yake, ikisema, "Kumbe hicho kitu ni kidogo hivi?"

Nikatoka. Nikamwambia mimi ni Mhoja, mtani wake, na kwamba sikumwangusha, mti ulikuwa umeoza. Akauliza kwa nini nilimpindulia ndala. Nikasema kwa sababu nilikula karanga zake. Akafikiri sana. Akasema, "Zile za kwenye kopo la bluu?" Nikasema hizo hizo. Akasema, "Basi ulikula mbovu, nzuri ninazo mimi." Bibi, huyu ni mtani wa kuzaliwa.

Lakini mguu bado alikuwa ameukunja kitandani. Tukaongea siku nyingine na nyingine, akawa ananichora, ananisimulia shule, na kila nikitaja kukanyaga anaangalia ukuta. Nikakumbuka maneno yako. Jana mama yake alimletea kashata, akabakiza kipande kwa ajili ya baadaye, akakiweka pembeni ya kitanda. Nikakinyakua, nikakiweka kichwani kama mpagazi wa zamani, nikakimbia nacho kuelekea mlangoni nikiimba. Akaniambia rudisha. Nikamwambia mtani akichukua chako, unamfuata, huna haki ya kumshtaki. Akaniambia tena rudisha. Nikaketi mlangoni nikaanza kulamba.

Akashusha mguu mzuri. Halafu akashusha ule mwingine. Akasimama ameshika kitanda, na mimi nikaacha kulamba. Hakuanguka. Akaja, Bibi, anajishikiza kwenye kiti, kwenye cherehani, kwenye ukuta, mpaka mlangoni, akanipokonya kashata akaitia yote mdomoni. Tukalia wote wawili. Demetria alirudi kutoka shamba akamkuta mtoto amesimama mlangoni, mdomo umejaa. Jembe lilimdondoka. Mimi nilikuwa chini ya ndala.

Kesho Demetria anakuja kumuaga Mama Kherunisa. Sikwambii sheria, maana wewe unazitunga. Nakwambia tu kwamba bado napindua ndala moja, na ile nyingine kila asubuhi imekaa sawa inaniangalia. Mwambie Mama Kherunisa kwaheri vizuri, kaa naye mpaka mwisho, halafu tafuta namna. Magoti yako nitayapaka mafuta mimi.

Mke mwenzako,
Mhoja


Urambo
2 Mei 2024

Kwa Bibi Kherunisa, Dar es Salaam

Shikamoo Bibi. Mimi ni Stela Minani, mtoto wa fundi Demetria. Mama atapiga picha barua hii aitume kwenye simu ya anko Moiz, na yeye atakusomea. Unaendeleaje na mkono wako? Mimi mguu wangu unaendelea vizuri. Ninakwenda kwa fimbo mpaka kisimani na kurudi, ila kuruka kamba bado.

Asante sana kwa zawadi ya kopo la vifungo. Mama amesema ulimpa mwenyewe kwa mkono wako wa kushoto, ukamwambia asilitikise njiani, asiweke kitu juu yake, na asilifungue, anipe mimi. Amesema alikaa nalo mapajani kwenye treni safari nzima, na alipouliza lina nini ulimwambia ni vifungo tu na umri wako wote. Nimelifungua peke yangu. Kila kitu kimefika salama, usiwe na wasiwasi. Nimeweka na pamba ndani.

Bibi, pole kwa kuhama. Mama amesema gari lilipoondoka ulikuwa unaliangalia duka mpaka kona. Ukikumbuka nyumbani niambie, nitakuandikia habari za huku, nina watu wa kunisaidia.

Leo asubuhi nilipoamka ili niende shule kwa mara ya kwanza tangu nivunjike mguu, ndala zangu zilikuwa zimelala kifudifudi. Mama aliziona kabla yangu. Alisimama akaziangalia, na mkono ukapanda kwenye paji la uso kama anataka kufanya ishara ya msalaba. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye kiti cha cherehani. Akasema, "Watani wamepita," kama ulivyomfundisha.

Nikazigeuza nikazivaa. Zilikuwa zote mbili.

Mjukuu wako,
Stela